Tusimsingizie Mungu Kifo cha Kiungo

Tarehe 25 Aprili 2019, mchezaji wa Burundi, Papy Faty, alianguka uwanjani nchini Eswatini. Alikuwa akiichezea klabu ya Malanti Chiefs dhidi ya Green Mamba. Hakupigwa teke wala hakugongana na mtu. Alianguka peke yake, na siku hiyohiyo akafa. Alikuwa na umri wa miaka 28. Mwezi mmoja kabla yake, tarehe 23 Machi, Intamba mu Rugamba walikuwa wametoka sare 1-1 na Gabon hapa Bujumbura, na kwa sare hiyo tukafuzu Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi yetu. Habari ya msiba ilitukuta bado tunaimba.

Wakati ule nilikuwa sekondari. Nakumbuka vizuri maneno matatu niliyoyasikia jioni ile mtaani kwetu Buyenzi. Mzee mmoja alisema, "Siku ya kufa nyani, miti yote huteleza." Kijana aliyekuwa akicheza drafti naye akasema kwamba mtu amerogwa, mpira wa kulipwa umejaa dawa. Wa tatu, mwalimu tuliyemheshimu sana, akamaliza mjadala: "Alikatazwa na madaktari akashika lake. Kosa ni lake mwenyewe." Baada ya hapo kila mtu akarudi kwenye shughuli zake.

Makala haya nayaandika ili kuyapinga maneno yote matatu. Napinga lile la bahati mbaya, napinga lile la uchawi, na zaidi napinga lile la mwalimu, kwa sababu ndilo linaloonekana kuwa na akili kuliko mengine. Najua wapo wenzangu watakaouliza mwanafunzi wa Kiswahili anatafuta nini kwenye mambo ya moyo na madaktari. Nitawajibu kabla sijamaliza. Naomba kwanza nieleze kwa nini jambo hili halinipi usingizi.

Ilikuwa Jumapili ya kiangazi, miaka minne baada ya kifo cha Faty, katika mashindano ya mitaa. Mshindi angepewa kombe na mbuzi. Timu yetu ilikuwa na kiungo namba nane, jirani yangu tangu utotoni. Sitamtaja jina kwa sababu mama yake yupo hai na sikumwomba ruhusa. Alikuwa na miaka 19. Katika kipindi cha pili, mpira ukiwa upande mwingine kabisa wa uwanja, alisimama, akashika magoti, kisha akaenda chini kwa uso. Watu walicheka. Tulikuwa tunaongoza 2-1, wakadhani anapoteza muda. Mwamuzi alimwendea akamwamuru ainuke.

Mimi nilikuwa benchi. Nilipofika alipolala, miguu yake ilikuwa inatikisika kidogo na alikuwa anakoroma, pumzi moja, kimya, pumzi nyingine. Mtu mmoja akapiga kelele, "Ni kifafa, msimguse!" Mwingine akaleta kijiko amtie menoni. Mwingine akawafukuza watu ili mgonjwa apate hewa. Mimi nilikimbia bombani, nikachota ndoo nzima ya maji, nikammwagia kichwani na kifuani. Nilijiona nimefanya jambo la maana. Kisha tukaanza kutafuta gari. Ulikuwa wakati wa uhaba wa mafuta. Gari la kwanza halikuwa na tone la petroli, la pili nalo lilikuwa kwenye foleni tangu alfajiri. Hatimaye tulimpakia kwenye pikipiki katikati ya watu wawili, kichwa kikining'inia.

Hospitalini daktari alimtazama, kisha akatuuliza swali moja tu: "Nani alimbonyeza kifua?" Tukatazamana. Tulikuwa vijana wasiopungua kumi, wengine tukiwa na diploma ya sekondari mkononi, na hakuna hata mmoja aliyeelewa maana ya swali. Karibu nusu saa ilikuwa imepita.

Msibani nikaisikia tena methali ya nyani na miti yake. Tangu siku ile methali hiyo siipendi.

Sasa nieleze kinachotokea, kwa maneno ya kawaida, kama nilivyofundishwa baadaye. Moyo ni pampu, na pampu hiyo huendeshwa na umeme mdogo wa mwili wenyewe. Kwa baadhi ya watu, wengi wao wakiwa wamezaliwa hivyo, misuli ya moyo ni minene kupita kiasi au njia za umeme zina hitilafu. Mtu anaweza kuishi miaka mingi bila kujua. Mbio nyingi zinaweza kuivuruga mitambo hiyo. Moyo huacha kupiga kwa mpangilio, ukabaki unatetemeka tu bila kusukuma damu. Mtu huanguka ndani ya sekunde chache. Ubongo uliokosa damu unaweza kuufanya mwili utikisike, na ndiyo maana watazamaji hudhani ni kifafa. Koo hutoa mikoromo, na ndiyo maana watazamaji hudhani anapumua. Wakati huo moyo umesimama.

Tangu hapo saa inahesabu. Kila dakika inayopita bila kubonyezwa kifua na bila kushtuliwa moyo kwa mashine, nafasi ya kupona hupungua kwa asilimia 7 hadi 10. Fanya hesabu mwenyewe, msomaji. Baada ya dakika kumi nafasi inayobaki ni ndogo sana, kama ipo. Sisi tulitumia dakika hizo kumi kutafuta kijiko, maji na petroli.

Nawaomba sasa mtazame kiungo mwingine. Fabrice Muamba alizaliwa Kinshasa mwaka 1988. Baba yake aliikimbia Zaire kwa sababu za kisiasa, na mtoto akamfuata Uingereza mwaka 1999 akiwa na miaka 11. Akakulia katika chuo cha soka cha Arsenal, akacheza Birmingham City, kisha Bolton Wanderers, na timu ya Uingereza ya vijana chini ya miaka 21. Tarehe 17 Machi 2012, katika robo fainali ya Kombe la FA dhidi ya Tottenham, alianguka peke yake kabla ya mapumziko. Alikuwa na miaka 23. Moyo wake ulikaa dakika 78 bila kupiga wenyewe.

Dakika 78! Kama ni siku ya nyani, basi ilikuwa siku ile. Lakini waganga wa timu waliingia uwanjani bila kusubiri, wakabonyeza kifua, wakaleta mashine ya kushtua moyo. Daktari bingwa wa moyo, Andrew Deaner, ambaye alikuwa shabiki tu jukwaani, akashuka kusaidia. Walimshtua mara 15 kwa jumla, uwanjani, njiani kutoka uwanjani na ndani ya gari la wagonjwa, na muda wote huo mikono haikuacha kifua chake. Muamba yuko hai mpaka leo. Mwezi Agosti mwaka uleule alitangaza kuacha mpira kwa ushauri wa madaktari, akiwa na miaka 24. Akarudi darasani kusoma uandishi wa habari za michezo, na analea watoto wake.

Watu husema maisha ya Muamba ya soka yalikuwa mafupi, wakasikitika. Mimi nasikitika pia, kwa sababu alikuwa mchezaji mzuri. Lakini Mcongomani huyu na Mrundi wetu walianguka kwa namna moja, wote viungo, wote vijana, na mmoja anaitwa mchezaji wa zamani wakati mwingine anaitwa marehemu. Anayesema tofauti yao ni Mungu namwomba anieleze kwa nini Mungu anaipenda Uingereza kuliko Afrika. Mimi sikubali Mungu asingiziwe ubaguzi wa namna hiyo. Hata shehe wetu pale mtaani hufundisha kwamba mtu amfunge ngamia wake kwanza, ndipo amtegemee Mungu. Sisi tunamwacha ngamia porini, akipotea tunasema imeandikwa.

Wala msidhani kifo cha namna hii ni cha mara moja. Marc-Vivien Foé, kiungo wa Kamerun, alianguka mjini Lyon tarehe 26 Juni 2003 katika nusu fainali ya Kombe la Mabara dhidi ya Colombia, akafa akiwa na miaka 28. Patrick Ekeng, kiungo mwingine wa Kamerun, alianguka Bucharest tarehe 6 Mei 2016 akiichezea Dinamo. Alikuwa na miaka 26 na alikuwa ameingia uwanjani dakika chache tu kabla. Cheick Tioté, kiungo wa Côte d'Ivoire, alianguka mazoezini nchini China mwezi Juni 2017, akiwa na miaka 30. Nikiwataja hawa sisemi kwamba Wazungu hawafi. Nasema kwamba kwingine kifo huulizwa maswali. Alipokufa Ekeng, Romania ililichunguza gari la wagonjwa lililokuwa uwanjani na kampuni iliyolimiliki. Baada ya kifo cha Foé, FIFA ilianza kuwapima wachezaji kabla ya Kombe la Dunia. Sisi tulipompoteza Faty tuliuliza nini? Tuliuliza mwili utaletwa lini.

Narudi kwa mwalimu wangu na hoja yake kwamba kosa ni la marehemu. Ni kweli kwamba tatizo la moyo la Faty lilijulikana. Aliwahi kucheza Uturuki, kisha akacheza Bidvest Wits ya Afrika Kusini, na madaktari walimshauri aache mpira. Hakuacha. Hapo ndipo mwalimu anapofunga daftari, na hapo ndipo mimi ninapolifungua.

Kwanza, tujiulize ushauri ule ulimkuta nani. Mchezaji wa kulipwa anaanza kazi akiwa na miaka 18 au 19, na akifika 33 anaitwa mzee. Maisha yake yote ya kazi ni miaka kumi na kitu. Kwa vijana wengi wa kwetu, miaka hiyo ndiyo inayojenga nyumba ya mama, inayolipa ada za wadogo zao, inayolisha watu ambao hata hawawajui kwa majina. Ukimwambia kijana kama huyo "acha mpira" bila kumwambia atakula nini kesho, hujampa ushauri. Umempa hukumu. Siwezi kusema kwa niaba ya marehemu aliwaza nini. Lakini nimekaa na wachezaji wa mtaani wanaocheza na goti lililovimba kwa ajili ya posho ya nauli, kwa hiyo sishangai mtu kucheza na moyo mgonjwa kwa ajili ya mshahara.

Pili, tujiulize kwa nini uliachwa uwe ushauri. Italia tangu mwaka 1982 mwanamichezo wa mashindano hachezi bila cheti cha daktari, na kipimo cha umeme wa moyo ni sehemu ya cheti hicho. Katika jimbo la Veneto, watafiti waliofuatilia wanamichezo kuanzia mwaka 1979 hadi 2004 waliona vifo vya ghafla vikipungua kwa karibu asilimia 90. Mnamkumbuka Christian Eriksen, kiungo wa Denmark aliyeanguka mjini Copenhagen tarehe 12 Juni 2021 dhidi ya Finland? Alishtuliwa kwa mashine palepale, akazinduka, akawekewa kifaa kidogo kifuani cha kuulinda moyo. Alikuwa mchezaji wa Inter Milan, bingwa wa Italia, mtu wa thamani kubwa. Hata hivyo kanuni za Italia hazikumruhusu kucheza na kifaa kile. Hakuna kocha aliyeweza kusema "tumjaribu", wala hakuna rais wa klabu aliyeweza kufumba macho. Mkataba ukavunjwa, akaenda kucheza Uingereza ambako kanuni ni tofauti na ambako madaktari walimkubali wakiwa wanajua kila kitu kuhusu moyo wake.

Huo ndio mpaka kati ya ushauri na kanuni. Ushauri huachwa mikononi mwa mgonjwa mwenye njaa. Kanuni huwabana wenye klabu, wenye ligi na wenye kutoa leseni. Mwalimu wangu alimlaumu mtu mmoja aliyekuwa peke yake, akawasamehe wote waliokuwa na kalamu. Namheshimu, lakini katika hili alikosea.

Hoja ya mwisho wanayoitoa watu ni umaskini. "Sisi si Uingereza. Mashine hizo tutazitoa wapi?" Hoja hii naiheshimu zaidi kwa sababu umaskini wetu si wa kubuni. Mashine ya kushtua moyo huanzia kama dola elfu moja, na dola siku hizi kila mtu anajua zinavyotafutwa. Mwaka 2013 FIFA iligawa mfuko wa huduma ya dharura, wenye mashine hiyo ndani, kwa kila shirikisho mwanachama. Mfuko mmoja kwa shirikisho zima ni mwanzo mzuri, lakini nchi haina uwanja mmoja.

Hata hivyo sikubali hoja ya umaskini imeze kila kitu, kwa sababu nusu ya kazi haina bei. Mikono miwili ni bure. Mgonjwa alazwe chali mahali pagumu. Kiganja kimoja kiwekwe katikati ya kifua na cha pili juu yake, mikono ikiwa imenyooka. Kifua kibonyezwe kwa nguvu, kizame sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kiachwe kirudi juu kila mara, na anayechoka apokewe na mwingine bila kusimama. Kufanya hivyo si kumponya mtu, ni kumkopea muda mpaka mashine au daktari apatikane. Palepale uwanjani kwetu tulikuwa vijana kumi wenye nguvu. Tulikuwa na mikono ishirini. Kilichokosekana hakiuzwi dukani.

Na tukisema ukweli, mashindano yale yalikuwa na pesa. Kulikuwa na vipaza sauti vya kukodi, jezi mpya za timu mbili, mbuzi, kombe, na mgeni rasmi aliyeletewa kiti cha sofa. Hata hapa chuoni, kwenye mechi za idara kwa idara, tunachangishana jezi na soda, na mkoba wa huduma ya kwanza una chupa ya maji baridi na bandeji. Bajeti ipo, ila moyo wa mchezaji haujawahi kuwa na mstari wake ndani ya bajeti hiyo.

Nakubali jambo moja kabla mpinzani wangu hajalisema. Vipimo havigundui kila tatizo. Muamba mwenyewe alikuwa amewahi kupimwa moyo na hakuonekana na kasoro. Eriksen alikuwa anapimwa kila msimu. Lakini hilo haliondoi haja ya vipimo. Linatufundisha kwamba vipimo peke yake havitoshi, na kwamba lazima pawepo watu wa kuingia uwanjani pale kipimo kinapokuwa kimedanganya. Wote wawili wako hai kwa sababu mlango wa kwanza ulipofunguka, wa pili ulikuwa umefungwa vizuri.

Sasa nilipe deni nililoahidi. Mwanafunzi wa Kiswahili anatafuta nini hapa?

Nawaambia wenzangu na walimu wangu kwamba jirani yangu aliuawa pia na maneno. Siku ile lilitoka neno "kifafa", na mikono ikatafuta kijiko, ambacho hata kwa mwenye kifafa hakifai. Likatoka neno "amezimia", na mikono yangu ikatafuta maji. Lingetoka neno "moyo umesimama", na kama kuna mtu aliyelijua, mikono ingekwenda kifuani. Hatukuwa na neno hilo. Tazameni magazeti na redio zetu za Kiswahili zinavyoripoti vifo hivi. Mmoja anaandika "mshtuko wa moyo", mwingine "presha ilimpanda", mwingine "alipoteza fahamu akafariki". Mshipa wa moyo ukiziba, hilo ni jambo moja, na mtu huweza kuwa macho akilalamika maumivu ya kifua. Moyo ukisimama, hilo ni jambo lingine, na mtu huwa hana muda wa kulalamika. Sisi tunaviita vyote jina moja, kisha tunashangaa kwa nini watu hawajui la kufanya.

Tunaandika kazi ndefu juu ya ngeli, juu ya sitiari, juu ya usanifishaji. Sizidharau kazi hizo, mimi mwenyewe nimezichagua. Lakini maelekezo ya huduma ya kwanza niliyowahi kuyaona ukutani hapa mjini yalikuwa kwa Kifaransa, na mashine moja niliyoionyeshwa ilikuwa ikizungumza Kiingereza. Aliyekuwa karibu na jirani yangu alipoanguka alikuwa muuza karanga anayejua Kirundi na Kiswahili tu. Taaluma ya lugha isiyomfikia mtu huyo ina kasoro, nasi ndio tunaojiita wataalamu wake.

Kwa hiyo nadai mambo manne, na nayataja waziwazi ili nisije nikaambiwa nalalamika bila kupendekeza.

La kwanza, hakuna mechi yoyote ya mashindano, kuanzia ligi hadi idara kwa idara, itakayoanza bila watu wawili waliofundishwa kubonyeza kifua, na majina yao yaandikwe kwenye karatasi ya mwamuzi kama yanavyoandikwa ya wachezaji. Wasipokuwapo, kipenga kisipulizwe. Tunaahirisha mechi kwa kukosa mpira wa akiba, basi tuahirishe kwa kukosa mtu wa kuokoa maisha.

La pili, mchezaji wa ligi asipewe leseni bila kipimo cha umeme wa moyo, na matokeo yake yamfuate anapovuka mpaka. Burundi, Rwanda, Congo, Uganda na Tanzania tunabadilishana wachezaji kila msimu. Karatasi ya uhamisho inavuka mpaka ndani ya siku chache. Karatasi ya daktari nayo ivuke.

La tatu, mkataba wa mchezaji useme nini kitatokea daktari akimzuia kucheza. Apewe mshahara wa muda fulani, asaidiwe kusoma au kuanza kazi nyingine, ukocha, uamuzi, utangazaji. Muamba aliweza kuliacha soka akiwa na miaka 24 kwa sababu kulikuwa na maisha ya kwenda baada ya soka. Mchezaji wetu hataacha mpaka naye ajengewe mlango wa kutokea.

La nne ni letu sisi, na halihitaji ruhusa ya waziri wala dola ya mtu. Idara yetu itoe ukurasa mmoja, kwa Kiswahili na kwa Kirundi, wenye maneno rahisi na michoro mitatu, ubandikwe katika kila uwanja wa mji huu. Ukurasa huo uanze hivi: Mchezaji akianguka bila kuguswa na asipoitika, chukulia kwamba moyo wake umesimama. Usitafute kijiko wala maji. Mwite mwenzako apige simu, wewe anza kubonyeza kifua. Walimu wetu wausahihishe, madaktari waukague, sisi wanafunzi tuubandike kwa mikono yetu. Ukitoka na kosa la sarufi nitatubu. Usipotoka kabisa, sijui tutatubu vipi.

Mimi nilikwenda kujifunza kwa watu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu. Mafunzo yalichukua siku chache tu, na mwanasesere wa mazoezi alikuwa mmoja kwa watu kumi na wanne. Nilipobonyeza kifua chake kwa mara ya kwanza mkufunzi alinisahihisha, akaniambia naogopa, niongeze nguvu. Niliongeza. Nililia pia, na hakuniuliza kwa nini.

Siku ya arobaini ya jirani yangu, mama yake alinivuta pembeni. Akaniuliza, "Mwanangu, siku ile mlimfanyia nini?" Nikamjibu, "Tulimmwagia maji, mama." Akanishika mkono akasema, "Mungu akulipe, ulijitahidi."

Shukrani ile imenielemea kuliko lawama yoyote niliyowahi kupewa. Yeye hajui, na sikuwa na ujasiri wa kumwambia. Lakini nyinyi mnaosoma ukurasa huu mmekwisha kujua. Jumamosi ijayo tuna mechi ya idara. Kabla timu hazijaingia, nitasimama katikati ya uwanja na kuuliza kama alivyouliza daktari yule, ila mimi nitauliza mapema: Nani atabonyeza kifua? Nataka mikono inyanyuke.